Kufufua chenso kuukuu: toka chuma kilichotupwa bandani hadi mashine inayokata gogo

Wakuu, ukizunguka huku Mufindi, Iringa, kuanzia Mafinga mjini hadi vijiji vinavyopakana na msitu wa Sao Hill, karibu kila banda la mpasua mbao utakuta chenso ya zamani imetupwa kwenye kona, imejaa unga wa mbao uliogandana na oili, na mwenyewe anasubiri tu wale jamaa wa chuma chakavu wapite aipime kwenye mzani. Inaniuma kwa kweli. Nyingi ya hizo ni Stihl 070, nyingine Husqvarna 268 na 272, mara moja moja unakutana na Stihl 051, na nyingi hazijafa kabisa, zimezimwa na kitu kidogo ambacho hakuna aliyejisumbua kukitafuta.

Ntaelekeza kwa kutumia 070 maana ndo iliyojaa mtaani na ndo ngumu kufa kuliko zote. Ilianza kutoka kiwandani 1968, ina cc 106, pistoni ya milimita 58, nguvu za farasi 6.5, na inazidi kilo 10 kabla hujafunga hata ule upanga wa cheni. Ndani yake hakuna kitu ambacho fundi mwenye spana, bisibisi na akili iliyotulia hawezi kukifungua. Ukiwa na mashine nyingine ya tu-stroki (injini inayochanganyiwa oili ndani ya petroli) ya zamani hatua ni zilezile, vipimo tu ndo vitabadilika kidogo.

Kitu kimoja ukishike kuliko vyote: usivute kamba kuiwasha kabla hujajua ilikufa kwa nini. Mafundi wengi wanaanza kwa kumwaga petroli kwenye tundu la plagi na kuvuta mpaka jasho linawatoka, sasa kama ndani kuna ringi iliyovunjika au beringi imekula unamalizia kuiua wewe mwenyewe.

Kabla hujatoa hela

Usiridhike na maneno ya "hii ilikuwa inawaka juzi tu". Vuta kamba taratibu kwa mkono, sio kwa kasi, unatakiwa usikie ugumu unakuja unaachia, unakuja unaachia. Ikiwa laini muda wote ujue kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) imeondoka. Halafu shika kishikio cha kamba ya stata uinue mashine nzima ining'inie: ikishuka kwa kusitasita kompresheni ipo, ikidondoka moja kwa moja hamna kitu. Ikigoma kabisa kuzunguka basi imejam, na hiyo sio sababu ya kuiacha ila ni sababu nzuri ya bei kushuka.

Baada ya hapo toa kifuniko cha stata, shika flaiwili (lile gurudumu zito lenye sumaku) uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo beringi za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) zimeisha. Kuzunguka ni sawa, kucheza juu chini sio sawa. Kagua bodi kama ina nyufa hasa sehemu za bolti za silinda na pale inapofungwa ba (ule upanga unaobeba cheni). Ufa mkubwa kwenye bodi mimi naiacha, au naichukua kwa bei ya spea tu.

Na 070 za Kichina zipo nyingi sana mtaani, kwa sura zinafanana kabisa na oriji na spea zake nyingi zinaingiliana. Sina ugomvi na kifuniko au mpini wa Kichina, ila pistoni, ringi na oili sili (mipira inayozuia upepo kuvuja kwenye shafti) za bei rahisi sizifungi kwenye mashine ya mtu ninayemheshimu. Kama 070 ya zamani ina silinda yake ya kwanza na bado nzima, hiyo silinda itunze sana.

Kuosha na kufungua

Ziba tundu la kabureta na la egzosi kwa kitambaa kisafi, chukua mafuta ya taa, brashi na mswaki wa zamani, na kijiti cha mwanzi uliochongwa kwa ajili ya kukwangua ule ugoro wa mbao na oili kwenye mapezi ya silinda. Usitumie bisibisi kukwangua, bodi ni laini inachubuka. Mapezi yakiziba injini haipoi, kuna mashine zimejam kwa sababu hiyo tu na wala hazikuwa na ugonjwa mwingine.

Hapa kuna hatari ambayo watu hawaijui. Bodi za chenso nyingi ni magnesiamu, sio aluminiamu. Ukipiga grenda au brashi ya waya ya umeme unapata vumbi ambalo linashika moto mkali mweupe na ukimwagia maji ndo unauchochea. Safisha kwa mkono, na kama ni lazima utumie mashine basi fanya nje, fagia vumbi kila mara, na uwe na ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Unavyofungua piga picha kwa simu kila hatua, hasa nyaya zinavyopita na mpangilio wa washa (vile viduara vya chini ya nati). Skrubu weka kwenye trei ya mayai, kila shimo sehemu moja ya mashine, za stata peke yake, za kabureta peke yake, maana urefu unatofautiana na ukiingiza ndefu mahali pa fupi unaweza kutoboa bodi au kukata sredi. Skrubu ikigoma usiilazimishe, ipe mafuta ya kupenya usiku kucha, asubuhi igonge kidogo kichwani kwa nyundo huku bisibisi ikiwa imekaa sawasawa, halafu ndo uzungushe.

Chungulia kwenye egzosi kwanza

Hii ndo hatua muhimu kuliko zote na haichukui hata robo saa. Fungua egzosi, washa tochi ya simu, zungusha flaiwili taratibu uangalie pistoni inavyopita kwenye lile dirisha. Pistoni nzima ina rangi ya kung'aa na mistari ya mashine iliyotengenezewa bado inaonekana kwa ulalo. Ukiona mikwaruzo ya kusimama, toka juu kwenda chini, hapo kuna hadithi.

Mikwaruzo ikiwa upande wa egzosi tu, mashine ilikosa mafuta ya kutosha kwenye mchanganyiko wa hewa na petroli, ikapata joto. Chanzo ni kabureta iliyofungwa sana au upepo unaingia mahali. Ikiwa pande zote mbili, egzosi na kabureta, mtu aliweka petroli kavu bila oili, hiyo ndo sahihi yake kabisa. Ikiwa upande wa kabureta tu na pistoni imefifia kama imepigwa msasa, ilivuta vumbi, chujio la hewa lilikuwa limechanika au halipo. Na ukiona juu ya kichwa cha pistoni kuna vishimo vishimo kuna chuma kilipita humo, ringi au kikombe cha beringi, basi usiendelee bila kupasua mashine nzima.

Andika ulichokiona mahali. Ukibadilisha pistoni bila kuondoa chanzo utaibadilisha tena.

Moto wa plagi

Tuseme pistoni ni nzima. Sasa tafuta moto. Plagi safisha au weka mpya, nafasi ya pale mdomoni ni milimita 0.5. Iweke kwenye kofia yake, chuma chake kiguse silinda mbali na tundu la plagi (petroli ikiwa ndani cheche inaweza kuiwasha usoni kwako), vuta kamba. Unataka cheche ya bluu inayosikika, ile nyekundu nyembamba sio moto huo.

Hamna moto? Kabla hujalaumu koili (kile kinachotengeneza moto wa plagi) toa waya wa swichi ya kuzimia. Hizi mashine zinazimwa kwa kupeleka moto kwenye bodi, kwa hiyo ule waya ukichubuka tu popote na kugusa chuma mashine imezimwa muda wote. Nimeona watu wanaagiza koili toka Kariakoo na kumbe shida ni waya wa sentimita chache uliobanwa chini ya mpini.

Kama waya ni mzima ingia kwenye flaiwili. 070 za zamani ni za platini (vidomo vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili moto utoke), ziko chini ya flaiwili, zile za baadaye zikawekwa elektroniki. Kufungua nati ya flaiwili unahitaji injini isizunguke, na njia salama ni kamba laini ya nailoni: ingiza kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa inapanda, ila hakikisha imeshavuka dirisha la egzosi, vinginevyo kamba inachomoza pale inakatwa na vipande vinabaki ndani. Flaiwili yenyewe inatoka kwa pula (kifaa cha kuichomolea). Usiigonge pembeni kwa nyundo, inapasuka mapezi au inapinda krenki.

Platini zilizokaa miaka zinaota utando wa kijivu, umeme haupiti. Pitisha msasa laini namba 600 katikati mara chache, halafu karatasi nyeupe iliyoloweshwa petroli mpaka itoke safi, maana unga wa msasa ukibaki na wenyewe unazuia. Seti uwazi kati ya milimita 0.35 na 0.4 kwa fila geji (vile vibati vya kupimia uwazi) wakati kamu, ule uvimbe wa kwenye shafti, imezisukuma mwisho. Kama platini ni safi na zinachoma cheche kubwa zenyewe kwa zenyewe huku plagi inatoa moto dhaifu, badilisha kondensa. Ukichoka na platini kuna moduli ndogo za elektroniki zinazofungwa badala yake, zinafanya kazi vizuri, mimi mwenyewe nazipenda kwa mashine ya kazi ya kila siku.

Usirudishe flaiwili bila kuangalia kii, kile kichuma kidogo kinachoishikilia isihame kwenye shafti. Kikikatika hata nusu moto unakuja wakati sio wake, mashine inapiga mkono au haiwaki kabisa na utazunguka kwenye kabureta wiki nzima bure. Kwa mashine zenye koili ya nje kama Husqvarna 272, uwazi kati ya koili na flaiwili ni karibu milimita 0.3, kata kipande cha kadi ya mchango wa harusi weka katikati, achia sumaku ivute, kaza skrubu, toa kadi.

Kabureta

Kabureta za chenso hazina boya kama za pikipiki, zinatumia dayaframu, kale kapira kembamba kanakopumua. Ndo maana unaweza kuigeuza mashine kichwa chini na bado ikanguruma. Kapira hako kakikaa na petroli ya zamani kanakakamaa kama ganda la muwa lililokauka juani, na kakishakakamaa hakuna kuseti kutakakosaidia. Kwa hiyo kwa mashine iliyolala miaka, nunua kiti nzima ya kabureta, usijaribu kuokoa.

Fungua kila upande kwa picha, maana gasketi na dayaframu zikibadilishana nafasi mashine haivuti mafuta, na mpangilio wa kabureta moja sio lazima ufanane na nyingine. Toa skrubu za L (spidi ndogo) na H (spidi kubwa), chomoa nidoli (kale kasindano kanakofungua na kufunga mafuta) na springi yake, loweka bodi kwenye petroli au dawa ya kabureta. Usichokonoe jeti kwa waya wala pini, tumia uzi wa mshipi wa kuvulia samaki na upepo mdogo. Ukirudisha, ule mkono mdogo unaoinua nidoli kwenye kabureta za Tillotson za aina hii unatakiwa uwe sawa na sakafu ya chemba yake: weka rula juu yake uangalie. Ukiwa juu mashine inafurika, ukiwa chini inakufa njaa.

Kisha tenki. Weka nati chache safi na mafuta ya taa ndani, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Hesabu nati ulizoingiza na ulizotoa. Mpira wa petroli na chujio lake badilisha bila kufikiria, na kale kapumulio ka tenki hakikisha kanapitisha hewa kuingia, kakiziba mashine inawaka dakika chache halafu inazima, ukifungua kifuniko cha tenki inapumua fyuuu na kuwaka tena.

Upepo unaovuja: hapa ndo mashine zinakufa mara ya pili

Naomba usome hapa taratibu. Injini ya tu-stroki inavuta mchanganyiko wake kupitia kwenye chemba ya krenki, chini ya pistoni. Chemba hiyo ikiwa na tundu popote, oili sili imekauka, gasketi ya silinda imepasuka, mpira wa kabureta una ufa, hewa ya ziada inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na kwa kuwa oili ya kulainisha iko ndani ya petroli basi na oili nayo inapungua. Joto linapanda, pistoni inavimba, inashika. Mteja anakwenda kwa fundi anafungiwa pistoni mpya, anakata miti kidogo, inashika tena, na hapo ndo chenso inaitwa mkosi na kutupwa kwenye kona ya banda.

Kifaa cha kupima sio lazima ununue. Tafuta mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya zamani ya kuminya kwa mkono yenye saa ya mshale. Saa yake inaishia milimita 300 za zebaki, sawa na baa 0.4, na hiyo inatosha kabisa kazi yetu. Chukua plagi iliyokufa, ivunje kauri yote ya ndani ubaki na ganda la chuma, unganisha bomba dogo juu yake kwa kuchomelea shaba au gundi ya chuma ya mchanganyiko, funga mpira wa ile pampu ya presha.

Sasa kata vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja kibanwe kati ya egzosi na silinda, kingine kati ya kabureta na mahali inapokaa. Shusha pistoni chini kabisa ili njia za pembeni za silinda zifunguke na chemba ya krenki iwasiliane na juu. Funga ganda la plagi, minya mpaka mshale ufike 250 hadi 300, funga valvu, kaa uangalie. Mshale ukisimama hapohapo au ukashuka kidogo sana ndani ya nusu dakika, mashine ni nzima. Ukishuka haraka chukua maji ya sabuni na brashi, paka kuzunguka oili sili zote mbili (upande wa flaiwili na upande wa klachi), chini ya silinda, maungio ya bodi, na kuzunguka plagi yenyewe. Povu litakuonyesha. Ukizungusha krenki kidogo kidogo wakati presha iko ndani unaweza kuona sili inavuja kwenye pembe moja tu ya mzunguko, hiyo ni shafti imechakaa mahali sili inapokaa.

Kuna sili ambazo zinazuia presha ya ndani kutoka lakini zinaruhusu hewa ya nje kuingia. Kwa hiyo rudia kipimo kwa kuvuta. Pampu ya baiskeli ya zamani yenye ngozi ndani inafaa: geuza ile ngozi, pampu inakuwa ya kunyonya. Mpira wa kabureta kipimo hiki hakiugusi kwa sababu pistoni ikiwa chini imeziba njia yake, kwa hiyo utoe kabisa, ukunje kila upande mbele ya mwanga mkali. Ufa wa unywele unatosha kuua mashine.

Oili sili zinatolewa kwa kutoboa tundu dogo kwenye uso wake na skrubu ya mbao, unavuta kwa plaizi. Chunga usikwaruze shafti. Mpya inaingia kwa kugongwa na soketi ya kipenyo chake, mdomo umepakwa grisi, na weka karatasi laini ya plastiki juu ya sredi za shafti ili isichane sili wakati inapita. Klachi upande ule mwingine mara nyingi ni ya kushoto, inafunguka kwa kuzungusha kama unakaza, angalia mshale uliochorwa juu yake kabla hujaweka nguvu.

Pistoni ikiwa imeshika

Iliyojam kwa kutu, mimina mchanganyiko wa mafuta ya taa na ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) kwenye tundu la plagi, iache siku kadhaa huku unaongezea, halafu jaribu kuzungusha kwa nati ya flaiwili kwenda na kurudi. Usigonge pistoni toka juu.

Ukishatoa silinda utakuta mara nyingi sio silinda iliyoharibika, ni aluminiamu ya pistoni imeyeyuka na kujipaka kwenye ukuta wake. Silinda za zamani nyingi zimepakwa kromu ngumu. Watu wanamwaga asidi, na asidi ya chumvi inaondoa aluminiamu kweli lakini inaila na kromu. Kwa kromu tumia kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Yeyusha kidogo kwenye maji (kostiki ndo inaingia kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki), paka kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti juu ya doa lenyewe tu. Litachemka povu la kijivu, futa, rudia mpaka lisichemke tena. Isifike kwenye madirisha ya silinda maana pale ni aluminiamu tupu, italiwa. Glavu, miwani, na uwe nje, mvuke wake haufai na hewa inayotoka inashika moto. Osha kwa maji mengi, kausha, paka oili palepale.

Pitisha kucha kwenye ukuta. Kucha ikinasa au ukaona kromu imebanduka na aluminiamu ya chini imetokea, silinda imekwisha. Ikiwa laini, inarudi kazini na pistoni mpya. Kabla ya kufunga, ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima uwazi wa ncha zake, ukizidi milimita 1 ringi tupa. Kwenye pistoni kuna kapini kanakozuia ringi kuzunguka, ncha za ringi zikae pale, ukikosea utavunja ringi na kuchana silinda mara ya kwanza tu unavuta kamba. Mshale wa kwenye pistoni uelekee egzosi. Zile klipu za pini weka mpya, mdomo wake uangalie juu au chini, usikae kwa pembeni.

Beringi za krenki namba yake imechorwa ubavuni, nenda nayo duka la beringi, omba yenye alama ya C3 maana hiyo ina nafasi ya kuvimba kwa joto.

Oili ya cheni, ba na cheni yenyewe

Pampu ya oili ioshe, njia zake zipulize. Oili chafu ya gari ndo inayotumika kila mahali na mimi nakataa kabisa: imejaa vumbi la chuma linalokula pampu na ba, na inakurukia ngozini kutwa nzima, hiyo oili ina vitu vinavyoleta kansa. Weka oili mpya hata ya bei ya chini namba 40, au mafuta ya kupikia ukikosa.

Ba igeuze, piga tupa kingo zilizoota makali, safisha mfereji wake. Cheni ya 070 kawaida ni ile ya inchi 0.404. Kujua uliyonayo, pima toka ripiti ya kwanza hadi ya tatu: milimita 20.5 ni 0.404, milimita 18.6 ni ya 3/8, milimita 16.5 ni 0.325. Sproketi (gia inayozungusha cheni) lazima iwe ya kipimo hichohicho, na ikiwa imechimbika nusu milimita badilisha, sproketi mbovu inamaliza cheni mpya mapema.

Kunoa 0.404 tumia tupa ya duara ya milimita 5.5, kwa 3/8 milimita 5.2. Sukuma kwenda mbele tu, toka ndani ya jino kwenda nje, pembe kama digrii 30, idadi sawa ya misukumo kila jino. Muundo huu wa jino lililokunjwa ulitoka kwa Joe Cox wa Oregon, Marekani, ambaye aliangalia funza wa mende wa miti anavyotafuna mbao kushoto na kulia, na cheni yake ikaingia sokoni 1947, mpaka leo tunanoa wazo lake. Kale kajino kafupi ka mbele kashushwe kawe chini ya jino la kukatia kwa karibu milimita 0.8 kwenye 0.404. Wapasua mbao wengi wanakashusha sana wakidhani inakula haraka, mashine inaruka na kuchoka.

Kuiwasha na kuiseti

Petroli mpya. Kwa mashine iliyofufuliwa mimi naweka oili ya tu-stroki moja kwa 25 kwenye tenki za mwanzo, yaani mililita 200 kwa lita 5, baadaye kwa oili nzuri unashuka hadi mililita 125. Oili ya injini ya gari isiingie kwenye petroli, inaacha majivu na ringi zinaganda.

Skrubu za L na H funga taratibu mpaka ziguse, halafu fungua mzunguko mmoja kila moja. Mashine iwe chini, mguu kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto mpini wa mbele, vuta mpaka ushikwe na kompresheni ndo uvute kwa nguvu, na usizungushie kamba kwenye vidole, cc 106 ikipiga nyuma inaweza kukuvunja. Ikiwaka iache ipate moto. Cheza na L mpaka ukikanyaga moto inapanda bila kusita, halafu skrubu ya sailensa (mngurumo wa chini ukiwa umeachia moto) shusha mpaka cheni isizunguke ukiwa umeachia.

H ndo yenye kuua. 070 nyingi kabureta yake ina gavana, kavalvu kanakoongeza mafuta spidi ikizidi, kwa hiyo ikiwa haina mzigo itanguruma nzito kwa kukatika katika hata ukifunga H kiasi gani. Usiidanganye kwa kufunga mpaka ipige kelele nyembamba. Iseti ikiwa ndani ya gogo: ikivuta safi, na ukiinua kidogo inarudi kwenye mngurumo mzito, acha hapo.

Halafu kumbuka 070 nyingi hazina breki ya cheni wala mipira ya kuzuia mtetemo. Ncha ya ba isiguse kitu, simama pembeni ya njia ya ba, vaa helmeti, miwani, vizibo vya masikio na buti ngumu, na pumzika vidole kabla havijaanza kufa ganzi. Swichi ya kuzimia ifanye kazi kabla hujaenda porini, kama haizimi hujamaliza kutengeneza.

Ukimaliza tenki ya kwanza iache ipoe kabisa, kaza tena bolti za silinda, za egzosi na za kabureta maana gasketi mpya zinakaa. Chomoa plagi: rangi ya kahawia ya chai ya maziwa ni nzuri, nyeusi yenye unyevu funga kidogo skrubu za kabureta upunguze mafuta, nyeupe kavu simamisha kazi hapohapo urudi na ile saa ya presha kutafuta upepo unapoingilia.